Kariakoo Inajengwa, na Sisi Tunatia Saini

Mazungumzo yaliyotolewa na muuguzi, mwanachama wa jumuiya, katika sherehe za miaka 63 ya Uhuru, Uingereza, Desemba 2024

Ninyi watoto mliojipanga kule nyuma karibu na meza ya soda, nawaona. Msitoke, maana sehemu kubwa ya mazungumzo haya inawahusu ninyi kuliko wazazi wenu.

Kamati iliponipigia simu ilidhani nitakuja na mashine ya kupima presha kama mara ya mwisho. Nimeileta, iko kwenye gari. Lakini nimeomba leo nizungumzie majengo. Najua wapo watakaosema, muuguzi na zege wapi na wapi. Nitawaeleza.

Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, kwenye kona ya Mchikichi na Congo, asubuhi watu wakiwa ndio wanafungua maduka. Waliofariki hawapungui 29. Sitasimulia tena mliyoyaona kwenye simu zenu. Nataka kueleza jambo moja tu ambalo wengi waliniuliza: kwa nini waokoaji walikuwa wanapitisha maji, glukosi na oksijeni kwenye matundu badala ya kuharakisha kuondoa zege? Mtu akibanwa mguu na kitu kizito kwa saa nyingi, msuli unaanza kufa na kukusanya uchafu, pamoja na madini ya potasiamu. Ukimnyanyulia lile zege ghafla, damu inarudi mguuni na kuupeleka ule uchafu wote kwenye moyo na figo. Moyo unaweza kusimama hapo hapo, mtu amekwisha kuokolewa, anaongea, anawashukuru. Ndiyo maana anatangulizwa maji mwilini kabla ya kutolewa. Kwa hiyo aliyekuwa anapitisha chupa ya maji kwenye tundu alikuwa anaokoa maisha sawasawa na aliyeshika nyundo.

Hapo ndipo kazi yangu inapokutana na zege. Jengo likishindwa, linaishia wodini kwetu.

Sasa tuanze mbali kidogo, kwa ajili ya watoto. Jina Kariakoo si la Kiswahili cha asili. Vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walipoichukua Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka walivyolisikia, likawa Kariakoo. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile vya Afrika Mashariki, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Kila nikisikia jina hilo naona wodi isiyokuwa na wauguzi.

Baada ya vita mji ukagawanywa. Uzunguni kule ufukweni, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja mnaoujua. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: eti nafasi wazi itawakinga Wazungu na malaria ya Waafrika. Mbu, kwa bahati mbaya, hawakupewa ramani. Lakini angalieni mambo yalivyogeuka. Uwanja ule ule wa kututenga ndio TANU iliufanyia mikutano ya hadhara, na TANU yenyewe ilizaliwa pale pale Kariakoo tarehe 7 Julai 1954, kwenye nyumba ya Mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Tukisherehekea Uhuru tunasherehekea jambo lililoanzia kwenye mitaa ya vumbi, kwenye nyumba za vyumba sita.

Wale waliokulia pale wanaijua nyumba ya vyumba sita. Mlango mbele na baraza yake, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma uani kuna jiko, kisima au bomba, na choo. Mwenye nyumba anakaa na wapangaji wake, kila chumba familia. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya namna hiyo. Wazee wengine hapa wakizungumzia nyumba zile machozi yanawalenga, wanasema ghorofa zimeua Kariakoo. Mimi, kwa heshima zote, sikubaliani. Choo cha uani cha bibi kilitumiwa na watu zaidi ya ishirini. Kila msimu wa mvua kilifurika, na kila msimu wa mvua watoto waliharisha. Siwezi kukililia. Eneo lenye wateja kutoka Zambia, Malawi, Congo, Burundi na Comoro haliwezi kubaki na nyumba za udongo na mabati. Kupanda juu kulikuwa lazima. Mwaka 2002 ukapitishwa mpango wa kuiendeleza upya Kariakoo uliofungua njia ya majengo marefu, na tangu hapo mkienda likizo kila baada ya miaka miwili mnapotea mitaa mliyozaliwa.

Ugomvi wangu ni jinsi tunavyopanda.

Nchi yetu ilishawahi kuonyesha kwamba inaweza kujenga kwa akili. Soko kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Watoto, lishikeni jina hilo. Hakuiga jengo la Ulaya. Alisimamisha paa kama miavuli mikubwa, au kama miti inayotoa kivuli, hewa ya moto inatoka juu, upepo unapita pembeni, na mvua inayoanguka juu ya ile miavuli inateremka kwenye nguzo hadi kwenye hifadhi ya maji chini. Biashara ya jumla ikawekwa chini, pale watu wanapopaita shimoni, na rejareja juu. Mtu aliingia pale mchana wa Januari bila kuzimia. Sijui mbunifu mwingine aliyewafikiria wauza nyanya kwa kiasi kile.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lile liliungua. Serikali ikatenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jengo jipya la ghorofa pembeni yake. Wafanyabiashara wakapelekwa masoko mengine wasubiri. Hadi Desemba 2024 walikuwa bado wanasubiri. Na mwaka 2024 orodha ya wanaostahili kurudi ilipotoka, wapo waliolalamika kwamba majina yao hayamo. Mnaona? Ukuta umeshakauka, swali lililobaki lilikuwa nani ataingia. Katika kuujenga upya mji, swali hilo ndilo gumu kuliko hesabu za nondo, na kwa kawaida huulizwa mwisho.

Mfano mwingine uko mwendo mfupi tu kutoka hapo, Machinga Complex, karibu na Karume. Jengo lilijengwa kwa ajili ya wamachinga watoke barabarani. Kwa miaka mingi wenyewe hawakulitaka. Watu wakasema wamachinga ni wakaidi. Si ukaidi. Machinga anauza kwa mtu anayepita, na mtu anayepita hapandi ngazi kutafuta soksi. Aliyechora jengo lile alihesabu watu, hakuhesabu nyayo zao.

Nyayo ndizo zinazoeleza hata lile jengo la Mchikichi na Congo. Wenye maduka mliopo hapa mnajua: fremu ya chini, inayotazama barabara, ndiyo yenye kodi kubwa, na kilemba juu yake. Ukipanda ghorofa ya kwanza kodi inashuka. Ya tatu ni stoo. Sasa mwenye jengo anafanyaje akitaka pesa zaidi? Hawezi kuzalisha barabara nyingine. Anachimba. Akichimba chini anapata sakafu nyingine ya kuita ya chini. Au anabomoa ukuta ili fremu mbili ziwe nne, na katika ukuta ule mna nguzo. Taarifa zilizotoka baada ya ajali zilizungumzia kazi ya kupanua maduka ya chini ya ardhi huku juu watu wanafanya biashara kama kawaida. Rais aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na tume ya wataalamu ikaundwa. Sitaji wenye makosa. Lakini sababu ya kiuchumi haihitaji tume: kila mita ya chini ni dhahabu, na dhahabu haijawahi kuchimbwa kwa upole.

Nisieleweke kwamba huku tulipo mambo ni safi. Watoto mmeambiwa shuleni kuhusu Grenfell Tower, London. Tarehe 14 Juni 2017 watu 72 walikufa katika ghorofa lililokuwa limetoka kufanyiwa ukarabati, likavalishwa vifuniko vya nje vinavyowaka, katika moja ya mitaa yenye utajiri mkubwa nchini. Ripoti ya mwisho ilitoka Septemba 2024, na ikasema vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Wakazi walikuwa wamelalamika muda mrefu kabla ya moto. Kwa hiyo sheria nene siyo kinga. Kinga ni mtu anayekaa ndani ya jengo akisema na akasikilizwa.

Na hata pale ambapo jengo halikuua mtu, huku nako walibomoa na kujuta. Birmingham walijenga Bull Ring ya zege, ikafunguliwa mwaka 1964, ikasifiwa dunia nzima. Watembea kwa miguu wakasukumiwa kwenye njia za chini ya barabara, akina mama wenye vigari vya watoto wakaichukia. Haikufika miaka 40 wakaivunja, na mpya ikafunguliwa mwaka 2003. Tofauti ni kwamba Birmingham ilikuwa na fedha za kukosea mara mbili.

Sasa niingie kwenye afya yenyewe, maana nimelipiwa chakula cha jioni kwa kazi hiyo.

Nilipokuwa likizo Dar es Salaam nilikaa siku nne dukani kwa binamu yangu, anauza vitenge ghorofa ya pili. Siku ya kwanza niliona hanywi maji. Joto lile, jenereta linanguruma, feni inasukuma hewa ya moto kutoka kona moja kwenda nyingine, na yeye tangu asubuhi hadi saa kumi jioni ni kikombe kimoja cha chai. Nikamuuliza. Akasema, dada, choo kiko chini, kinalipiwa, foleni ndefu, na nikiondoka dukani nani anakaa? Nikawauliza wenzake wa jirani, wanawake wanane. Wote vile vile. Wote wamewahi kutibiwa UTI, wengine mara nyingi hadi wanajinunulia dawa wenyewe, wanakunywa vidonge vitatu vya antibayotiki na kuacha. Wawili wana mawe kwenye figo. Hilo halitaandikwa gazetini kwa sababu halina vumbi wala kelele. Lakini ni kosa la mchoro wa jengo. Aliyechora ghorofa tano na vyoo viwili chini aliamua, bila kujua, figo za wale akina mama zitakuwaje.

Ukitoka vyooni nenda kwenye ngazi. Mizigo ya kilo mia inapanda mgongoni mwa vijana kwa ngazi zilizogeuzwa stoo, viatu kila kipandio. Siku ya moto watu watashuka wapi? Nenda kwenye mifereji. Mabomba ya majitaka ya eneo lile yalilazwa kwa ajili ya nyumba za chini. Sasa kila kiwanja kina watu wa ghorofa sita au kumi. Mvua ikinyesha, uchafu unapanda barabarani, na hapo hapo kuna mama anauza maandazi.

Haya yote hayazuiliki kwa kutuma rambirambi kwenye kundi la WhatsApp. Na hapa ndipo ninapowageukia ninyi mliomo ukumbini, maana Kariakoo kwa sehemu kubwa imejengwa kwa saini za watu kama sisi.

Utaratibu mnaujua. Familia ina kiwanja, haina fedha. Mjenzi ana fedha, hana kiwanja. Wanakubaliana: yeye anavunja nyumba ya marehemu babu, anapandisha ghorofa, familia inapewa sakafu mbili au fremu kadhaa, zilizobaki anazitumia yeye kwa miaka kumi na tano, ishirini, au milele, kutegemea nani alisoma mkataba. Warithi wengine wako Dar, wengine Leicester, Muscat, Houston. Msimamizi wa mirathi anatuma karatasi kwa simu, usiku, na ujumbe: “Tia saini kesho, mjenzi ana haraka.” Wewe umetoka zamu ya saa kumi na mbili. Unatia saini kwenye hati ya uwakili, unarudisha, unalala.

Mwaka huu karatasi hiyo imefika kwetu. Nyumba ya bibi. Warithi ni kumi na mmoja. Baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi, ana umri wa miaka 74 na angependa aone jengo kabla hajafa, namwelewa kabisa. Mkataba una kurasa tisa. Kurasa sita zinahusu mgawanyo wa fremu. Kuhusu nani atakuwa mhandisi hakuna hata mstari. Kuhusu choo, neno “vyoo” limo mara moja. Kuhusu eneo la chini ya ardhi, limetajwa kwamba mjenzi “anaweza kuliongeza baadaye kadiri biashara itakavyoruhusu.” Nilisoma sentensi hiyo tarehe 10 Novemba, nikaona haina uzito. Siku sita baadaye ikawa na uzito.

Tuliitana kwenye simu ndugu wote, saa tatu, na haikuwa simu ya amani. Mmoja alisema tunaoishi Ulaya tunajifanya wakaguzi huku wao ndio wanaolipia dawa za shangazi. Ana haki ya kusema hivyo. Mwingine alisema mjenzi ataondoka aende kwa jirani. Inawezekana. Lakini tulikubaliana kwa kura saba kwa nne kurudisha mkataba bila saini, pamoja na maswali. Kibali cha ujenzi kutoka jiji kina namba gani, na ni cha ghorofa ngapi? Mhandisi ni nani, na amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Mkandarasi naye, kwa bodi yake? Udongo umepimwa, na majibu yako wapi? Zimamoto wamepitisha michoro? Ngazi ni ngapi, na vyoo viko kila ghorofa? Tukaongeza sharti kwamba hakuna mtu atakayechimba wala kubomoa ukuta baada ya jengo kukabidhiwa bila saini ya mhandisi na ya familia, hata kama sakafu ile ni ya mjenzi. Na la mwisho, ambalo nililipigania peke yangu kwa muda hadi shangazi akaniunga mkono: wapangaji wanne waliomo sasa, mmoja wao fundi cherehani aliyekaa barazani tangu mimi niko shule ya msingi, wapewe nafasi ya kwanza ya fremu ndogo kwa kodi wanayoimudu kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Kuna aliyeniuliza, hilo la fundi cherehani ni usalama au ni huruma? Ni biashara. Wateja wa mtaa ule wanakuja kwa sababu yake na wenzake. Ukiwafukuza wote ukaleta fremu za vioo zenye bidhaa zile zile zilizoko mtaa wa pili, umejenga jengo, hujajenga soko. Machinga Complex ilitufundisha, kama tulikuwa tunasikiliza.

Tumeamua pia kumlipa mhandisi wetu wenyewe, asiye wa mjenzi, aende kukagua kwenye hatua za msingi na kila sakafu. Bei tuliyopewa, ukiigawa kwa warithi kumi na mmoja, kila mmoja anatoa chini ya nauli ya ndege ya kwenda tu. Nawaomba kamati ya jumuiya ifikirie jambo hili: humu ukumbini nimehesabu familia tano zenye kiwanja au sehemu ya kiwanja Kariakoo, Ilala au Gerezani. Tukienda pamoja kwa mhandisi mmoja na mwanasheria mmoja, bei inashuka zaidi, na mjenzi anayejua kwamba anatazamwa na familia tano hufanya kazi tofauti na anayetazamwa na mzee mmoja wa miaka 74. Nimeacha karatasi kwenye meza ya mlangoni, ina safu mbili tu: jina na mtaa. Msiandike namba ya kiwanja wala majina ya warithi, hayo tutayazungumza faragha.

Watoto, ninyi ndio mtakaorithi hizo fremu. Kuna siku mtatumiwa karatasi kwa simu, kwa Kiswahili cha kisheria ambacho hata mimi kinanipiga chenga. Anzeni kukisoma sasa. Mkikutana na neno “uwakili” mwulizeni mama kabla hamjabonyeza kitu.

Mjenzi wetu bado hajajibu. Amemwambia baba mdogo atarudi na majibu baada ya mwaka mpya. Akikubali, nitawaletea mkataba mwone unavyofanana. Akikataa, nyumba ya bibi itabaki na mabati yake mwaka mwingine, na ile karatasi ya mlangoni itaanza na jina langu.

Pilau limeshafika, na mashine ya presha naileta baada ya chakula, si kabla, maana najua mtakimbia.